Nguruwe Mnono wa Gaskin

Kwa dada yangu Damaris,

Kikohozi kimeniacha, na kuku wameanza tena kutaga. Mume wangu bado anahubiri na kanzu ile uliyoitia kiraka.

Zaka ya huku unaijua: kila mwananguruwe wa kumi ni wa kasisi, na mkulima Gaskin hutuletea yule mgonjwa, anayekufa kabla ya Jumapili. Juzi kaleta mnono, tena mwenyewe anatabasamu. Nikamwambia Ambrose, "Huyu ana lake." Akanijibu, "Mke wangu, hata mtu akitubu unamshuku?"

Jana akaja mjumbe wa askofu. Sheria mpya ya Malkia inawasamehe kodi ya kanisa makasisi wenye pato dogo, kwa hiyo akawauliza wakulima wanatupa nini. Gaskin akaapa kwamba hutoa zaka kamili. "Muulizeni mama hapo, nguruwe wangu alikuwaje." Wenzake nao wakaapa vivyo hivyo. Nani angekiri mbele ya mjumbe wa askofu kwamba anamwibia Mungu?

Mjumbe akanigeukia. Ningesema nini, Damaris? Mchana ule nilikuwa nimempakulia nyama ya nguruwe huyo, akaisifu na kuomba aongezewe.

Kodi tutailipa.

Mdogo wako Thomasin, mke wa kasisi tajiri