Hewa Uliyokwenda Kuipima

Neema mwanangu,

Nimetoka kazini sasa hivi, nimekaa hapa jikoni Temple Hills, huku Marekani, hata viatu sijavua. Nakuandikia kwa sababu mdogo wako Imani anataka kwenda huko huko kwenye barafu, ncha ya kusini, kumalizia kazi yako. Wenzako wanasema hewa ipimwe msimu mmoja zaidi wa baridi, ndipo waamue kama darubini kubwa itajengwa pale.

Unakumbuka siku ya kukuaga, akina mama wa kanisa walivyokuombea nyota yako ing'ae na kumetameta? Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mum, mnani-pray-ia vibaya. Nyota iki-twinkle, hewa imechafuka. Ombeni itulie." Mama Wanjiru akauliza, sasa tuombe nyota izubae? Basi tukakuombea utulivu.

Na ukaupata. Ulipopiga simu mara ya mwisho ulisema nyota imesimama tuli kwenye darubini yako ndogo, haitikisiki, hujawahi kuona hewa nzuri hivyo. Ulikuwa na furaha, na ulikuwa unakohoa. Kisha mapafu yakakushinda. Giza la miezi, baridi kali, ndege haiwezi kutua, tukaambiwa tusubiri, nawe ukatutoka huko huko. Mimi ninayewaogesha wazee wa watu na kuwalisha kwa kijiko, mwanangu mwenyewe nilikosa kumpa hata maji. Watu wananiambia nitapoa. Sijapoa, Neema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kwa hiyo nilimkatalia Imani. Akirudia, nakataa tena, yeye kwa Kiingereza chake, mimi kwa Kiswahili changu, unaijua nyumba hii. Jana akaja akaketi mbele yangu, akawa anayatafuta maneno moja moja. "Mama, naomba ruhusa. Kazi ya Neema isikufe." Mtoto ambaye hata chai huiomba kwa Kiingereza. Nikashindwa kusema hapana.

Nimekubali, na naogopa.

Pumzika, mama. Nakuahidi sitamrudisha nyuma tena. Siku ya safari nitampeleka uwanja wa ndege, nimfunge zipu ya koti kama mtoto mdogo, nimwambie aende salama, na sitalia mbele yake. Nikishafika kwenye gari ndipo nitalia, na nitawalilia wote wawili.

Mama yako