Kaka, Taa Zile Zilikuwa Zangu

Mpendwa kaka Kanisius,

Lile gari lenye taa nyeupe ambalo polisi walilitafuta mwezi mzima, kuanzia Mbinga mpaka Mbamba Bay, ni pikapu yetu. Dereva nilikuwa mimi. Naanza na hilo kwa sababu najijua, nikianza na mengine nitazunguka mpaka karatasi iishe kabla sijalisema.

Leo ni Alhamisi. Keshokutwa ukoo unakaa hapa Ukata, nyumbani kwa mama, kuamua habari za mke wako. Wanasema shemeji Ester ndiye aliyekuua. Shangazi analisema bila hata kushusha sauti, kwamba mwanamke wa ziwani alikuloga, na kwamba asubuhi ya siku ile majirani zenu kule Lundo waliwasikia mkigombana. Wanataka watoto wako wawili wabaki kwa mama, shamba lako la kahawa lirudi kwa ukoo, na yeye arudi kwao na nguo zake. Nimehudhuria vikao viwili vya kuandaa kikao hicho. Nilikunywa chai, nikala mihogo, nikanyamaza. Sasa naiandika barua hii iwe wazi, niisome mbele ya wote. Nakuandikia wewe kwa sababu nikianza kuwaeleza wao nitatafuta maneno ya kujikinga, na wewe hujawahi kunikubalia hayo.

Unakumbuka pikapu ilivyokuwa siku tunaileta? Vioo vya taa za mbele vilikuwa vimepauka kwa jua, njano kabisa, na mwanga wake ulifika hatua chache tu mbele ya bampa. Ulisema inamulika kama mgonjwa anayetafuta viatu vyake chini ya kitanda. Fundi wa mjini alitutajia bei ya kubadilisha taa zote mbili, tukamshukuru, tukaondoka kimyakimya. Kahawa yote ya msimu ilikuwa imeishia kwenye gari lenyewe.

Mimi nilikata tamaa. Wewe ulisema, "Kwanza tusafishe tulichonacho, mdogo wangu. Ndipo tulie."

Basi Jumamosi nzima tukakaa uani kwa mama na msasa, ndoo ya maji na dawa ya meno. Ulinifundisha kusugua kioo kwa msasa laini uliolowa, kwa mkono mwepesi, kisha kukipaka dawa ya meno na kukisugua kwa kitambaa mpaka kiwe angavu. Mama alitoka ndani mara tatu kuuliza kama tunataka kuuozesha ukoo meno kwa ajili ya gari. Halafu ukaingia chini ya boneti. Ulikuta waya mmoja umeota kutu pale ulipofungwa kwenye bodi, ukaukwangua mpaka ukang'aa, na nyaya nyembamba zilizokuwa zinabania umeme ukazibadilisha kwa nene ulizotoa kwenye gari bovu la jirani. Jioni tulipowasha, ukuta wa jiko la mama ulionekana mpaka nyufa zake. Balbu zilikuwa zilezile za zamani. Nilikupenda sana siku ile, kaka, na sikukwambia.

Lakini wewe hukuridhika. Ulisema taa ikishapata nguvu lazima ipimwe, tena ipimwe gari likiwa na mzigo, kwa sababu mzigo ukikaa nyuma pua ya gari inainuka na mwanga unawaingia watu machoni. Tulikwenda kwenye kigango, ukaomba ruhusa kwa katekista, ukachora mstari wa chaki kwenye ukuta wa kanisa, sawa na kimo cha taa. Mzigo hatukuwa nao. Kwaya ilikuwa kwenye mazoezi ya jioni, nawe ukaingia ukawaambia, "Ndugu zangu, naomba mnisaidie kuwa magunia." Walicheka mpaka mwalimu wa kwaya akaketi. Walipanda wote nyuma, wa sauti ya nne ukawaweka mwishoni kabisa kwa sababu ni wazito, na wakati wewe umepiga magoti unakaza skrubu za taa, wao wakaendelea na wimbo wa Jumapili kutokea palepale walipoukatiza. Ulishusha mwanga mpaka ukawa chini ya mstari wa chaki kwa kiganja kimoja.

Uliponipa bisibisi ulisema, "Taa si ya kwako peke yako. Anayekuja naye anataka kufika." Nilikuitikia ndiyo, kaka, kwa haraka, kama mtu anayeitikia ili apewe funguo.

Ukarudi Lundo kwa mke wako, kwenye mpunga wenu na biashara ya usipa, wale dagaa wa ziwani. Pikapu ukaniachia, wewe ukabaki na pikipiki. Nilipandisha na kushusha mlima ule mwaka mzima, kahawa, mbolea, saruji, na taa zetu zilinitosha. Nasema hivyo ili watu wote wasikie: zilinitosha. Hakuna kona iliyonishinda.

Ila nilikuwa naona magari ya wenzangu. Yananijia na mwanga mweupe, mkali, na mimi na njano yangu nilijiona kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Siku moja nikakuta dukani balbu nyeupe za LED, bei chee, na muuzaji akaniambia, "Funga hizi, bosi, usiku utausahau." Nilizifunga mwenyewe palepale nje ya duka. Hazikuwa balbu za taa zile. Ziliingia vizuri, lakini mwanga wake haukutulia ndani ya taa iliyotengenezwa kwa balbu ya aina nyingine, ulitawanyika juu na pembeni hata nilipokuwa nimeshusha. Sikwenda kwenye ukuta wa kanisa. Sikupakia mzigo nikapima. Niliona miti mpaka matawi ya juu, nikajiona nimeendelea.

Wewe unaijua desturi ya barabara ile. Mwenzako akikumulikia mara mbili, anakuomba ushushe taa, umemuumiza macho. Kuanzia siku ya kwanza walinimulikia. Mimi dimu, mwanga wa chini, nilikuwa nimeshaweka, kwa hiyo nilichukia. Nikajizoesha kuwajibu kwa fuli, taa zote juu, waone tofauti. Tulikuwa wengi tunaofanya hivyo na kijiweni tulisimuliana kwa kicheko. Nilikuwa miongoni mwa waliocheka zaidi.

Siku ile nilikuwa nashuka na saruji, nimejaza mpaka springi za nyuma zimelala na pua ya gari inatazama juu. Giza lilikuwa ndiyo kwanza limeshika. Kwenye kona moja ya mteremko nikapishana na pikipiki inayopanda, nikaenda zangu. Mbamba Bay, tukiwa bado tunashusha mifuko, simu ikaita, nikaambiwa, "Kaka yako ameangukia korongoni."

Hapana. Hivyo ndivyo nilivyojisimulia mwenyewe kila usiku, na ningekuwa nakuandikia uwongo. Pikipiki ile ilinimulikia mara mbili. Nikakasirika, kama kawaida yangu. Nikaijibu kwa fuli, nikaishikilia, sikuishusha mpaka tulipopishana. Nilitazama kioo cha pembeni ili nione kama amejifunza adabu, nikaiona taa yake nyekundu ya nyuma inakwenda upande ambao hauna barabara, kisha ikazimika. Niliona, kaka. Mguu wangu uligusa breki. Nikajiambia amekata kona, nikajiambia nimechelewa, nikaondoa mguu.

Mzee aliyekuwa anatoka shambani ndiye aliyekufikia. Anasema ulikuwa unapumua na unaongea. Ulimuuliza kama usipa umemwagika, maana ulikuwa wa mama. Alikushika mkono akisubiri gari lipite, na kwa muda mrefu halikupita. Lililokuwa limepita ni langu. Niliporudi pale usipa ulikuwa umetapakaa lami nzima na watu waliokuja kusaidia walikuwa wanaukanyaga. Mzee aliwaeleza polisi habari za gari lenye taa nyeupe sana, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Wakati huo zile balbu hazikuwemo tena. Nilikuwa nimesimama njiani nikazitoa na kurudisha zile za zamani, ambazo nilikuwa naziweka chini ya kiti. Sikujua hata kama umefariki. Mikono yangu iliifanya kazi hiyo vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Nyeupe nilizitupa ziwani kesho yake, nikiwa nimekuja kukuchukua.

Maana ni mimi niliyekubeba. Wazee waliona gari la familia ndilo linalofaa. Shemeji Ester alikaa nyuma, ameshika jeneza lisitikisike, na kila kona alikuwa anagonga kioo kuniambia, "Taratibu, shemeji, taratibu." Saa nne asubuhi tulipita pale ulipoanguka. Sikupunguza mwendo kwa sababu niliogopa kwamba mguu ukigusa tena breki hautaondoka.

Kuhusu ugomvi wenu wa asubuhi, ameniambia alichokisema. Alikuomba usipande mlima siku ile, ulikuwa na homa. Wewe ukasema mama anasubiri usipa. Huo ndio uchawi wa Ester. Hata siku moja hajajitetea kwa hilo mbele ya ukoo, anasema wangetaka kumsikia wangeshamwuliza. Nimemwona akiwakogesha watoto uani akijua kwamba huenda ni wiki ya mwisho, na bado ananiandalia maji ya kunawa, ananiita shemeji. Naona aibu, kaka. Naona aibu kuliko ninavyoona uchungu, na hilo nalo ni aibu nyingine.

Nakuomba unisaidie sauti isikatike Jumamosi.

*

Ni Jumatatu asubuhi, naimalizia.

Nilisoma. Baba mdogo aliyekuwa anaongoza kikao alitaka kunikatiza nilipofika kwenye balbu, akadhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Nikamwomba anivumilie. Nilipomaliza shangazi alijifunika kanga usoni. Shemeji Ester alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango na mtoto mdogo amelala mapajani, na alikuwa ananitazama tangu neno la kwanza.

Mama ndiye aliyesema. "Alikumulikia mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Na wewe?"

"Nilimpiga fuli."

"Ukaona anaanguka."

"Niliona taa yake imezimika, mama."

Aliinuka kwenye kiti walichomwekea wazee, akavuka uwanja wote kwa ile miguu yake inayomuuma, akaenda kukaa mkekani bega kwa bega na Ester. Akamchukua mtoto, akampakata. Akawaambia wazee, "Huyu ndiye mwanangu aliyebaki. Nyumba na kahawa ni vya kwake na watoto. Nani ana neno?" Kikao kikafungwa kabla ubwabwa haujaiva.

Jioni nilimfuata shemeji nikapiga magoti. Akasema, "Umefanya vizuri kusema. Sasa usiniombe kitu kingine, sina." Sikumwomba. Nimemwachia funguo za pikapu juu ya meza, auze au aajiri dereva, atakavyoona. Nimemwandikia kwenye karatasi kwamba taa zipimwe gari likiwa na mzigo.

Naondoka sasa kwenda kituo cha polisi Mbinga. Baba mdogo amesema atanisindikiza, nami nimemwambia abaki. Jana nilikwenda kaburini kwako nikang'oa majani kidogo, nikarudi. Sikuombi msamaha kwa barua. Nakuaga tu, kama ulivyokuwa unaniaga mimi kila ulipoteremka ziwani, kwa jina langu na kwa kunishika bega.

Kabla ya kutoka nimesimama mlangoni kwa mama. Alikuwa ndani anapepeta maharage, nilimsikia. Nikasema, "Shikamoo, mama." Ungo ukanyamaza. Nikasubiri. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, "Shikamoo, mama," kisha nikasubiri mpaka jua likafika kizingitini, na ndani ungo ukaanza tena.

Kwaheri, kaka.

Mdogo wako.