Siku nane, na mimi sina habari

Mwenzangu, niko koridoni na taulo mkononi, hasira zimenijaa. Usinicheke.

Yule muuguzi anayekuja kumsafisha mume wangu kidonda cha mguu, yule mwenye sauti ya asali, jana kamuuliza, "Umepata choo lini?"

Mume wangu, bila haya: "Siku ya nane leo sijapata, sista."

SIKU YA NANE! Tunalala kitanda kimoja miaka kumi na mmoja, mimi sina habari!

Tena kila akilalamika tumbo, mimi namwongezea kidonge cha mofini, ile dawa kali ya maumivu. Akishameza ananishika mkono, ananiita mama watoto. Nikajiona nimemshinda sista.

Kumbe vidonge hivyo ndivyo vinavyomfunga choo! Sista kasema dawa hizo zinalaza utumbo, na zinaweza kushusha kinga ya mwili, huenda ndiyo maana kidonda hakikauki. Akauliza, "Nani anamzidishia?" Nikatazama dari. Ningemuua mtoto wa watu, na wivu wangu huu.

Alipoondoka nikamuuliza mume wangu, "Mbona hukuniambia?"

"Wewe nakuonea aibu."

Mimi! Niliyemzalia watatu! Eti ananionea aibu!

Basi, kapewa dawa ya kulainisha choo. Usiku kucha nimemchemshia maji, nimemkanda tumbo, nimeomba Mungu. Sasa hivi ndiyo katoka chooni, anacheka mwenyewe. Nikamkunjulia mikono nimkumbatie.

Kanipita hapa na magongo yake, kachukua simu.

"Sista! Nimepata!"