Siku Usukani Ulipokuwa Mwepesi

Kwako Baba,

Leo nimefunga mlango wa kibanda changu cha gemu hapa Homa Bay, na ni mchana kweupe, watu wanapita wakiulizana kama nimeugua. Sijaugua. Nimekaa kwenye kile kiti cha gari bovu ulichokisifu, usukani uko mbele yangu, na nina maneno na wewe. Nayaandika wazi, anayetaka kuyasoma ayasome, kwa sababu baya nililokufanyia nililifanya mbele ya watu. Siwezi kuja kuomba msamaha kwa kunong'ona.

Lakini nianze na vicheko. Wewe hukupenda mtu aanze habari kwa matanga.

Unakumbuka Jumamosi zetu za likizo? Tunatoka Homa Bay asubuhi na kanta, lile lori dogo la tajiri wako, samaki wa omena na mbuta nyuma, mimi kwenye kiti cha kando nimejibana na mkoba wangu, tunapita Rongo, Awendo, Uriri, mpaka Migori. Ulikuwa unaendesha pekupeku. Viatu chini ya kiti, soksi ndani ya viatu, na askari wa barabarani akikuuliza unamjibu, "Afande, nikivaa viatu siisikii gari." Wee, nilikuwa naona haya! Binti wa miaka kumi na minne, marafiki zake wamesimama stendi, na baba yake dereva bila viatu. Nilikuwa natazama nje mpaka tupite.

Samaki wakianza kushushwa, mimi nilikuwa nakimbilia chumba cha gemu nyuma ya soko. Pale nilikuwa malkia. Hakuna kijana wa Migori aliyenipita kwenye mbio za magari, na kama yupo ajitokeze hata leo. Ile gemu ya zamani niliijua mpaka ndani. Siri yake ilikuwa moja: ukifika kwenye kona, kanyaga breki na ukate kona kwa pamoja, gari linazunguka palepale kama pia, halafu unatoka upande wa pili na mwendo wako wote. Ukigonga ukuta, ukuta unakurudisha barabarani kama shangazi mpole. Mvua ilikuwa michirizi tu kwenye skrini, tairi hazikujua kwamba imenyesha.

Siku moja ulikuja kunichukua, ukasimama nyuma yangu, unanuka samaki, umekunja mikono. Ukatazama mbio nzima. Mwishowe ukauliza, "Hii gari ina uzito gani?"

"Baba, ni gemu."

"Hata kama ni gemu. Gari bila uzito si gari, ni karatasi."

Wale vijana wakakupa kidude cha kuchezea wakuone. Ukacheza vile ulivyoendesha kanta: ukapunguza mwendo mapema, ukaingia kwenye kona taratibu, ukaongeza mafuta ukitoka. Ukawa wa mwisho. Wa mwisho kabisa, Baba, wengine walikuwa wamemaliza wanakungoja. Chumba kizima kilicheka na mimi nilicheka kuliko wote. Wewe pia ulicheka, ukarudisha kidude kwa mikono miwili, ukasema, "Yawa, huku sina leseni."

Tangu siku ile nikajiona najua kuendesha kukushinda. Mdomo ukaniota.

Sasa tufike pale pachungu. Mvua ilikuwa imetunyeshea tangu Awendo. Tulikuwa tunashuka mteremko baada ya Uriri, miwa pande zote mbili, na kule chini, pale barabara inapopinda, mama mmoja alikuwa anavuka na punda wake wa maji. Punda akagoma katikati ya lami. Nafasi ya kusimama ilikuwa kubwa, au ndivyo nilivyoona mimi. Ukakanyaga breki. Kanta haikushika, ikaendelea kuteleza tu, moja kwa moja. Nikakusikia ukisema polepole, kama mtu anayejisemea, "Imekuwa nyepesi." Halafu nikauona mguu wako. Mguu mtupu, una tope kidogo kwenye kisigino. Uliinuka kutoka kwenye breki. Yaani tunamwendea mama wa watu, na baba yangu anaachilia breki!

Kanta ikageuka. Ikampita mama na punda karibu sana, ikaingia kwenye miwa, ikalala ubavu. Uliniuliza kama nimeumia, nikasema la. Tulipotoka kupitia dirishani, mbuta walikuwa wametapakaa kila mahali na yule punda alikuwa bado amesimama palepale, anatafuna, hana habari.

Watu wakajaa. Tajiri naye akafika kwa pikipiki, akaipima ile barabara kwa macho kuanzia juu mpaka chini. "Nafasi yote hii, ulishindwa aje kusimama?" Ukamwambia kwamba gari ilikuwa nyepesi, kwamba barabara ilikuwa imekuacha. Akakutazama kama mtu aliyekunywa. Halafu akanigeukia mimi. "Wewe mtoto ulikuwa ndani. Baba yako alipiga breki?"

Ningeweza kunyamaza, Baba. Ningelia tu, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini bingwa wa Migori angenyamaza vipi? Nikasimama mbele ya umati ule nikasema, "Alipiga, halafu akaachilia. Niliona mguu wake. Angeshikilia breki na akate kona, tungepita." Nikawaonyesha hata kwa mikono jinsi ya kukata.

"Si mtoto wake mwenyewe amesema," watu wakaambiana. Tajiri akanyoosha kiganja, ukampa funguo. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Amesema alichokiona," ukainama kutafuta viatu vyako kwenye miwa.

Maneno kama yale hayakai mahali pamoja. Hakuna mtu wa Homa Bay wala wa Migori aliyekupa gari tena. Ukarudi nyumbani Ndhiwa ukalima mahindi, na ulilima vizuri, na sikukusikia hata siku moja ukilalamika. Ila lori likipita barabarani ulikuwa unanyamaza katikati ya maneno, unasikiliza dereva akibadilisha gia, halafu unaendelea pale ulipoachia. Niliyaona hayo miaka yote, na bado niliamini kwamba siku ile nilisema kweli.

Sasa sikia maajabu.

Nilipofungua kibanda hiki, mteja mmoja aliyekuwa anahama mji aliniachia usukani wa gemu. Una pedali zake, na ndani una mota inayouvuta na kuutetemesha mkononi kama wa gari lenyewe. Nikauunganisha na gemu mpya ya malori. Nikachagua lori lenye mzigo, nikachagua mvua, nikachagua mlima. Bingwa, si ndiyo? Kona ya kwanza nikatumia siri yangu ya zamani, breki na kona pamoja. Lori likaenda moja kwa moja mpaka bondeni. Usukani nimeukunja wote, naona tairi zimegeuka, na lori halina habari nami. Nikarudia. Bondeni. Nikarudia tena. Wateja wangu wakacheka mpaka nikawatoa nje. Nilisema gemu ni mbovu.

Haikuwa mbovu. Gemu hii, Baba, inalihesabu kila tairi peke yake: limebeba mzigo kiasi gani, limelowa vipi, linazunguka au limejifunga. Ukikanyaga breki unaiona pua ya lori ikiinama, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma kunabaki kutupu. Na tairi lina nguvu zake, hazizidi hapo. Ukizitumia zote kusimama, hubakiwi na za kukatia kona. Ni kama mtu aliyeshika ndoo kwa mikono yote miwili halafu wewe unataka akusalimie kwa mkono; lazima kwanza atue ndoo. Nilipolielewa hilo mwili ulinisisimka. Kuna watu mahali fulani duniani walioketi wakaandika jinsi maji yanavyolitenga tairi na lami, na walichoandika kimesafiri mpaka kwenye viganja vyangu hapa Homa Bay. Mimi niliyezoea gari la karatasi!

Na kila nilipokuwa naelekea bondeni, muda mfupi tu kabla, ule usukani ulikuwa unalegea. Mvuto unapotea, mkono unabaki umeshika kitu kisicho na chochote nyuma yake. Neno lako lilinijia pale. Nyepesi. Nikalifukuza, Baba. Sikutaka kujua lilikuwa linanipeleka wapi.

Ndipo ukaja mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, umetoka kanisani, umekuja kunitembelea na gunia la mahindi mabichi. Vijana wakakushika mkono, "Mzee, kaa hapa uendeshe." Ukakizunguka kile kiti, ukakigonga, ukasema hiki kimekaa kama kiti. Ukaketi. Ukatafuta kioo cha pembeni, vijana wakacheka. Halafu ukainama ukavua viatu vya kanisani, ukaweka soksi ndani, ukavisukuma chini ya kiti. Miaka ishirini, Baba, na mikono yako haikuwa imesahau mahali pa kuviweka.

Ukaondoka na lori lenye mzigo, mlima uleule, mvua ileile. Mara ya kwanza pua ya lori ilipoinama uliguna. "Hii sasa ina uzito," ukasema, na uso wako ukawa wa mtu aliyekutana na rafiki sokoni. Kona uliyokuwa unaikaribia ni ile iliyonishinda. Ukakanyaga breki, lori likaanza kuteleza, nikaona usukani umelegea mikononi mwako. "Imekuwa nyepesi," ukasema. Sauti ileile. Na mguu wako mtupu ukainuka.

Tairi zikazunguka tena, zikaishika barabara, usukani ukapata uhai. Lori likapinda taratibu, likapita.

Vijana wakaruka wakipiga kelele, "Mzee ni noma!" Wewe hukuwatazama wao. Ulinigeukia mimi, miguu bado kwenye pedali, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Umeona?"

Nilikuwa nimeona kila kitu. Nilikuona wewe, nikauona ule mteremko wa Uriri, nikamwona yule mama na punda wake. Nilielewa kwamba uliachilia breki ili tairi zipate kukata kona, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumwacha mama yule hai. Na unajua nilisema nini mbele ya wale vijana?

"Nimeona umeshinda, Baba. Haya shuka, wengine wacheze."

Ukavaa soksi, ukavaa viatu. Ukasema gemu ya siku hizi imeenda shule. Nikakusindikiza hadi stendi tukizungumza habari za mahindi, na nilijiambia kwamba nitakuja Ndhiwa niyaseme vizuri, bila watu. Nikangoja nafasi nzuri. Mvua za vuli hazijakwisha tukawa tunakuzika. Walisimama wengi kukusifu siku ile, mkulima hodari, mtu wa kanisa, jirani mwema. Hakuna hata mmoja aliyesema ulikuwa dereva. Wakanipa kipaza sauti, mimi, mwenye mdomo huu, nikasema ulikuwa mpole, nikaketi.

Baada ya mazishi nilirudi hapa nikaiendesha ile kona vile nilivyowashauri watu wa Uriri. Breki mpaka chini, usukani wote. Nimerudia mara nyingi hata sihesabu tena. Kila mara lori huenda moja kwa moja, hadi pale ambapo yule mama angekuwa amesimama. Kama mimi ndiye ningekuwa dereva siku ile, mama huyo angekufa, na mimi ningetoka kwenye kanta nikisema nilipiga breki.

Baba, mimi nimepewa mashine, umeme na miezi ya kuanguka bondeni ndipo nikaelewa. Wewe uliyajua yote kwa unyayo, katika muda usiotosha hata kuita jina la Mungu, na mtoto wako kando yako. Nilikaa na mtu wa namna hiyo kwenye gari moja, Jumamosi baada ya Jumamosi, na nilichoona ni kwamba hana viatu.

Kwa hiyo wewe tajiri wa kanta, kama unasoma, na ninyi mliosimama kwenye miwa siku ile mkanisikiliza, sikilizeni tena. Breki aliipiga, halafu akaiachilia kwa makusudi, na kwa kuiachilia aliokoa mtu. Mtoto wake mwenyewe amesema.

Na wewe uliniuliza swali kwenye kiti hiki, nami nikakujibu jingine. Nimevua viatu sasa hivi, Baba, soksi zimo ndani, viatu viko chini ya kiti.

Nimeona.

Oriti, kwaheri, dereva wangu.

Binti yako wa kiti cha kando,
Atieno