Kubonyeza Pua ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Tumeporomoka tena! Leo nimetafuta mapazia mtandaoni kwa simu yangu, na duka letu liko ukurasa wa pili, chini ya mtu anayeuza mazulia ya magari. Wa kwanza nani? Jirani wa ng'ambo ya barabara, yule ninayemwita Bwana Lesi. Simpendi. Acha niseme tu, hapa hakuna anayesoma.

Tovuti yetu aliitengeneza shemeji, mdogo wake mume wangu. Nimembana leo. Akajikuna shingo, akaeleza: watu siku hizi wanatafuta kwa simu, kwa hiyo tovuti isiyokaa vizuri kwenye simu inasukumwa chini. Na yetu ilipimwa kwa kompyuta yake kubwa ya mezani. Kwenye simu maandishi ni punje, na picha ya marehemu baba mkwe, mkasi mkononi, inajaza kioo chote. Kitufe cha kupiga simu kimeangukia puani. Yaani mteja akitaka pazia, sharti ambonyeze mzee pua!

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka, kicheko kikakatika. Bwana Lesi anataka kulinunua duka, na mama mkwe hakumkatalia. Alisema wateja wasiporudi mpaka mwisho wa mwezi, atampa funguo. Duka la mzee! Yeye ndiye aliyenifundisha kukata kitambaa bila mkono kutetemeka. Nampenda mzee yule mpaka leo.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kajitahidi, haki yake nimpe. Kwenye simu maandishi sasa yanasomeka, kitufe kiko chini, kidole gumba kinakifikia. Picha nayo inajipunguza yenyewe kufuata upana wa simu.

Tukamwonyesha mama mkwe pale dukani. Akavaa miwani. Halafu —

"Mmemkata kichwa mume wangu!"

Kweli bwana. Mkasi upo, tumbo lipo, kichwa hakuna. Shemeji akaanza oh, si sisi mama, ni mfumo. Akaambiwa amwambie huyo mfumo wake amrudishe baba yake sasa hivi, mzima, mkubwa kama alivyokuwa. Nikajaribu kutia neno, kwamba tumpunguze kidogo tu. Wee! Mzee hakupunguzwa na mtu akiwa hai, ndiyo aje apunguzwe na sisi?

Basi. Picha imerudishwa. Pua imerudi kazini.

Ijumaa, 7 Machi

Ukurasa wa tatu. Mshonaji wetu hana cha kushona, anafuta cherehani ambayo ilishang'aa tangu jana.

Nimepata wazo. La kitoto, lakini zuri! Baada ya chakula cha mchana nikamkabidhi mama mkwe simu yangu: mama, jifanye mteja, tafuta duka letu, uagize mtu aje kupima madirisha ya sebuleni. Akaguna. Ila kushindana anapenda huyu.

Akatupata kwa tabu, akafungua. Mzee akajaa kioo kizima. "Umependeza," akamwambia. Akabonyeza — mzee akazidi kukua, zikabaki sharubu tupu. Akamvuta huku, akakimbilia kule. Mwisho akachoka, akarudi nyuma, akabonyeza duka la kwanza kabisa kwenye orodha.

"Kumbe pa kuagizia ni hapa! Rahisi kabisa. Sasa nyinyi mnalalamika nini?"

Miwani ilikuwa mkobani. Rangi ni kama zetu, maana Bwana Lesi katuiga hadi rangi. Mimi jina la duka nililiona. Nikauma ulimi. Akaandika jina lake, nyumba, Jumatatu asubuhi. Akatuma. Akanirudishia simu kwa madaha: shida si picha, shida ni vijana hamna subira.

"Ndiyo, mama."

Mimi ni mtu mbaya sana.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia shemeji. Kacheka mpaka kaangukia marobota ya vitambaa. Mume wangu akauliza tunanong'ona nini. Bei ya uzi, tukasema.

Naanza kuogopa lakini. Je, akikasirika akauza duka papo hapo?

Jumatatu, 10 Machi

Naandikia jikoni, maji ya chai yako motoni. Kengele ilipolia mama mkwe alikwenda kufungua mwenyewe, akijua ni mtu wetu. Lahaula — Bwana Lesi! Futi ya kupimia shingoni, meno yote nje.

"Shikamoo mama. Nimepata oda yako, nikasema hii naileta mguu wangu mwenyewe."

Mama mkwe akageuka, akanitazama. Lile jicho! Mimi nikatazama dari.

Hakumfukuza. Akamkaribisha ndani, akampa na stuli ya kupandia. Namsikia hapa anavyojisifu: mapazia haya ya mzee yamechoka, mama, na duka nalo limechoka. Si unaona? Hata mwenye duka mwenyewe akitafuta mapazia, anafika kwangu.

Hapo sikucheka. Roho imeniuma, nimetamani nimwangushe na stuli yake.

Nimechungulia mlangoni. Mama mkwe anatazama ukutani, pale ilipo ile picha ya mzee. Ni ileile, mkasi na yote, ila ndani ya fremu yake ni ndogo, haizidi kiganja. Miaka yote iko pale!

"Hebu niazime futi yako, baba."

Kapewa. Anaipima picha. Upana, urefu, mara ya pili tena, kama anavyopima dirisha la mteja mgumu.

"Wewe uliyejificha jikoni! Mimi na wewe tutaongea baadaye. Mwite shemeji yako, aje na kompyuta yake. Mwambie baba yake humu ni mdogo na kichwa chake anacho. Hivi hivi kwenye simu ataenea?"

Shemeji keshafika, kiatu kimoja. Maji yamechemka, nani ana habari nayo! Bwana Lesi bado yuko juu ya stuli, pazia mkononi, anaomba futi yake.

"Ngoja kwanza," mama mkwe anamwambia. "Tuna kazi nayo."