Shahidi wa Tisa

Jumatatu, 10 Novemba
Kikao. Mkurugenzi ametangaza: utafiti wetu wa wanawake waliofukuzwa majumbani na waume zao utawasilishwa na Bi Mikrofoni. (Jina nimempa mimi, kimoyomoyo.) Miaka kumi na moja nagonga milango ya watu na daftari langu. Yeye ana miezi minane! Nikapiga makofi na wenzangu.

Jumanne, 11 Novemba
Kumbe hata Shahidi wa Tisa, mgumu kuliko wanawake wote tuliowahoji, amezungumza na Mikrofoni! Mimi nilimwendea mara tatu, nikapewa chai na habari za mvua. Mikrofoni kaenda mara moja, akaambiwa yote – kipigo, kufuli jipya, watoto kulala nje. Nilimuuliza alifanyaje. Eti walikunja nguo pamoja, wakapiga soga.
Nina wivu. Haya, nimeandika. Wivu mtupu. Mume wangu anasema utanizeesha. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Alhamisi, 13 Novemba
Kupitia ripoti kabla ya kuchapwa ni kazi yangu: nafuta chochote kinachoweza kumtambulisha shahidi. Ukurasa wa 42: “Shahidi wa Tisa, fundi cherehani anayechechemea, mwenye kibanda nyuma ya posta.” Jina kalificha, mengine yote kayaanika! Fundi wa hivyo mjini ni mmoja tu. Yule mume aliyemfukuza akisoma hapo, anajua nani kasema na wapi pa kumpata.
Kalamu nyekundu mkononi. Nikawaza uzinduzi, watu wakiuliza nani kaandika upuuzi huu. Jina kwenye jalada ni lake. La mpitiaji haliandikwi popote.
Nikafunua ukurasa wa 43.
Saa kumi Mikrofoni akachungulia mlangoni. Dada, umeshapitia? Nimepitia. Akanishukuru mpaka nikaona haya.

Ijumaa, 14 Novemba
Faili limeenda kwa mchapaji.

Jumapili, 16 Novemba
Shahidi wa Tisa amenipigia simu. Mimi, si Mikrofoni! Anataka kujua kama mume wake hatagundua. Nikamuuliza, kwa nini hukumpigia yule mwenzangu? Akasema ni huyo huyo aliyempa namba yangu. Alimwambia: sema usiogope, dada yangu ofisini anapitia kila neno, hakuna kinachomponyoka. Ndiyo maana akasema.
Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kweli, kwa mdomo wangu.

Jumatatu, 17 Novemba
Saa mbili kasoro robo, niko ofisini. Mashine za kuchapa zinawashwa saa mbili. Mchapaji nimempigia mara sita, hapokei. Mkurugenzi ana namba ya nyumbani kwa mchapaji, lakini ataniuliza kosa nililiona lini.
Mlango wake uko wazi. Namsikia anakohoa.
Bi Mikrofoni ameingia na vikombe viwili vya chai. Kimoja kaniwekea hapa, kando ya daftari hili. Anauliza, Dada, mbona leo umewahi hivyo? Nimemwambia avute kiti, tuzungumze ukurasa wa 42. Amevuta –