Unyayo wa Mama Chini ya Hina

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mpendwa Mama Mkubwa Mwanatabu,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Muscat limepungua hata waweza kufungua madirisha. Magoti yako je, bado yanakusumbua ngazini? Na wajukuu, wameanza kukuitikia kwa Kiswahili au bado wakuchanganyia Kiarabu? Sisi huku twapumua, alhamdulillahi. Mvua za vuli zimeanza kwa uvivu. Zanyesha huku jua linawaka, na ua wote wanukia asumini.

Usishangae kupata karatasi. Simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya niliyo nayo sikutaka yarudi Likoni kabla sijamaliza kuyasema. Nimempa Lynnette, jirani yetu anayerudi kazini huko, akukabidhi mkononi. Ni habari za Mama. Anakula, anatembea, anacheka. Lakini ana alama katika unyayo, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi tangu Idi Kubwa.

Wajua nimepata ukarani katika maabara huko Kisauni. Hapo wanafanya utafiti wa saratani za ngozi. Vipande vidogo walivyokatwa wagonjwa wa miaka mingi vimehifadhiwa ndani ya nta, vimepangwa kwenye droo kama halua iliyokatwa tayari kwa wageni, na mimi nahakikisha kila kimoja kina nambari yake. Kaingu, fundi wa maabara, huikata nta hiyo kwa mashine ikatoka utepe mwembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha huulaza juu ya maji ya uvuguvugu. Utepe hujikunjua wenyewe, ukaelea. Mara nyingi mimi husimama hapo nikitazama mpaka nasahau nilichotumwa.

Siku moja Daktari Roseline, mkuu wa utafiti, aliniita nichungulie hadubini. Mama Mkubwa, nilihisi kama niko ndani ya ndege, naitazama nchi isiyo na watu. Mashamba ya rangi ya waridi, mito ya zambarau, na katikati chembechembe za kahawia, kama mtu amemwaga unga wa hina juu ya shuka. Nikasema, pazuri. Daktari akaniambia hiyo ni melanoma, kali kuliko saratani nyingine za ngozi, na imetoka katika mguu wa mtu mweusi kama mimi.

Mimi nilidhani ni maradhi ya wazungu wanaojianika kwenye mahoteli ya Bamburi. Kumbe jua huwadhuru hao, na huwadhuru zaidi ndugu zetu wenye ualbino, usoni na masikioni. Sisi weusi, melanoma hutujia hasa pale jua lisipofika: unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha. Nani huangalia unyayo wake? Tangu siku hiyo nikawa naota nyayo zinatembea zenyewe juu ya mchanga mweupe, na kila zilipopita pamebaki kahawia.

Basi ikaja Idi, nikakaa kibarazani kumpaka Mama hina kama kila mwaka. Karibu na kisigino nikaona doa jeusi, kubwa kuliko mbegu ya ubuyu, kingo zake zimepindapinda kama pwani kwenye ramani. Nikauliza.

"Hilo? La zamani," akasema. "Nilikanyaga mwiba. Paka, mwanangu, hina yakauka."

Nilimwomba aje aangaliwe. Akakataa. Nikaomba tena, na kaka yangu Rashid akanicheka mezani: "Huyu Jalila sasa aona saratani hata kwenye ndizi mbivu." Wote wakacheka, Mama akacheka zaidi. Miezi ikapita hivyo. Mwezi uliopita, kwa kuchoshwa na uso wangu, akakubali.

Sasa sikia alilolifanya. Jioni ya kuamkia siku ya daktari nimerudi kutoka kazini, namkuta ameegemea mto, miguu yote miwili imejaa hina, kuanzia vidole hadi vifundoni, nyayo nzima. Nilikaa chini nikaitazama ile miguu.

"Wanitazamani?" akaniuliza. "Wataka nimnyooshee daktari mguu mtupu, kama sina watu?"

Daktari Roseline aliinama na lenzi yake kwa muda mrefu. Unyayo una mistari kama ya vidole, na ugonjwa huu hupenda kutia rangi yake juu ya matuta ya mistari hiyo. Hina nayo hushika kwenye matuta hayo hayo. "Mama, umenifungia mlango," akasema, akicheka kidogo. Kisha cheko likamwisha. Akaeleza kwamba alama haiwezi kusomeka tena kwa macho, na kungoja hina ifutike si busara. Afadhali atiwe ganzi, akatwe kipande kidogo kikapimwe.

Mama akauvuta mguu chini ya buibui. "Alama ikiguswa na chuma huamka."

"Haiamki, mama. Kukata kipande hakuenezi ugonjwa."

"Nyinyi mwasoma, mwanangu. Sisi twazika."

Nilitamani sakafu ifunguke. Daktari hakubishana. Alimuuliza tu kama angependa kuona kile tunachokitazama sisi kutwa. Akampeleka kwenye hadubini, akamwekea kioo chenye kipande cha unyayo wa mtu mwingine, mtu wa zamani asiye na jina kwetu. Mama akashika miwani, akainama. Akakaa hapo, mwanga wa lenzi ukimdondokea kwenye kope, na kwa dakika hiyo alionekana msichana.

"Mashaallah," akasema. "Kama leso mpya." Kisha, bila kuinua kichwa: "Yuwapi mwenyewe?"

"Alifariki, mama. Alikuja akiwa amechelewa."

"Alikuwa angoja nini?"

Nilisikia feni, na mashine ya Kaingu chumba cha pili. Mama alirudi kitini, akavua kiatu mwenyewe. "Haya. Lakini Jalila anishike mkono."

Nilimshika, ingawa nadhani yeye ndiye aliyenishika mimi.

Kipande chake kiliingia kwenye nta kama vya wengine. Kaingu hakuniruhusu hata kukaribia meza. "Nenda ukanywe chai, dada," akaniambia. "Hiki si chako." Nikaenda, chai ikapoa mbele yangu. Siku hizo zilipita kama niko chini ya maji. Watu walinisemesha na maneno yakanifikia yamelowa.

Juzi Daktari akaniita, akafunga mlango, akaniambia niketi. Ni melanoma, Mama Mkubwa. Lakini bado ni nyembamba, haijazama ndani. Watakata eneo lote pamoja na ukingo wa ngozi yenye afya unaolizunguka, waazime ngozi ya paja kufunika, na watazikagua tezi za kinena. Hakuniahidi. Alisema tu kwamba waliokuja mapema namna hii, wengi yeye huwaona wakirudi kliniki kwa miguu yao.

Kwa kuwa Mama alitaka jibu alisikie nyumbani, Daktari alikuja nami mpaka Mtongwe. Mama alikuwa juu ya mbuzi, akikuna nazi. Tulimwambia. Akauliza jambo moja: "Nitakanyaga?" Daktari akasema atakanyaga, baada ya wiki za kupumzika. Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukuna hata chenga za kifuu zikaingia kwenye nazi nyeupe, na sikuthubutu kumwambia.

Upasuaji ni wiki ya mwisho ya mwezi huu, hospitali kisiwani. Rashid hanitanii tena tangu juzi, na ajabu ni kwamba natamani anitanie.

Nakusihi nawe, hina yako ikifutika, ukae kwenye mwanga, wewe na wanao na wajukuu, mtazame nyayo zenu vizuri.

Mpelekee salamu binamu yangu Ismail na mkewe, uwabusu watoto. Bibi Nzai wa jirani akusalimu, asema hajasahau mahamri yako.

Barua hii ni Mama aliyeniagiza niiandike. "Mwandikie dada yangu," alisema. "Miye nikiisikia sauti yake nitalia. Akiuliza kama naogopa, usimfiche." Basi sikufichi. Anaogopa, nami naogopa. Hajatamka kwamba uje, na wamjua, hatatamka. Lakini tangu jana godoro la chumba cha uani liko nje juani, na hatutarajii mgeni mwingine.

Mola akufunike kwa rehema yake, na akufungulie njia.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa mdogo wako,

Jalila